Vazi la Waya

Woonsocket, Januari. Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha.
Kampuni ya bima imemwandikia Bi Exilda Charbonneau mistari mitatu:
nyaya za zamani zitoke, au mkataba ufe.
Ndiyo maana niko darini kwake, kifudifudi,
tochi kinywani, vumbi la miaka sabini puani,
nikipapasa.

Hizi hapa. Zimeruka boriti hadi boriti
juu ya vigingi vya kauri, vyeupe kama magego,
na kila waya umevaa:
pamba nyeusi iliyolowekwa lami, imesukwa kama ukili,
chini ya pamba mpira,
chini ya mpira shaba.
Mafundi wale waliujua umeme:
mgeni wa kustiriwa kwanza,
ndipo akaribishwe ndani.

Lakini nguo huchakaa hata isipovuliwa.
Nikiigusa, inabaki kidoleni kama masizi.
Mpira umekuwa kaukau.
Karibu na dohani panya wametafuna,
na pale, inchi mbili nzima,
shaba iko uchi, inautazama ubao.
Kati yao, upana wa ukucha.
Watu wamelala chini ya ukucha huo tangu sijazaliwa.

Nashuka. Kahawa iko mezani.
Namwonyesha kipande; anakipokea kwa mikono miwili.
“Mama alisuka hizi,” anasema.
“Kiwandani, kando ya mto. Vibobini vilifukuzana
kuuzunguka waya kutwa nzima, na malipo ni kwa futi.
Uzi ukikatika, nani ana muda wa mkasi?
Waliukata kwa meno, wakafunga.
Msimamizi hakutaka mafundo. Kila fundo, senti moja.”
Anagusa jino lake la mbele.
“Hapa mama alikuwa na pengo. La pamba.
Akavika nyaya za nusu ya mji,
na sisi tukasomea kibatari mpaka nikaingia darasa la tano.”
Anacheka kidogo.
“Nyumba hii, unajua, ilikuwa ya msimamizi.
Tuliinunua kwa wanawe. Kwa bei ya kutupa.”

Siku nne navuta. Plastiki nyeupe inaingia, pamba inatoka,
ndoo baada ya ndoo.
Alhamisi, katika waya wa chumba cha kulala,
kidole kinakwama: fundo, dogo kama dengu,
limefichwa upande wa chini.
Nalikata na kipande chake, nampelekea.

Anavaa miwani. Anavua.
“Walikuwa wanawake arobaini,” anasema.
“Huenda ni la yeyote.”
Kisha anafungua kopo la vifungo,
analiweka humo, anafunika.

Waya mmoja ulinishinda, ule wa nyuma ya ngazi.
Plasta imeukumbatia, hautoki bila kubomoa ukuta.
Nimeukata huku na huku, nimeuziba ncha,
nimeuandika kwenye karatasi ya mkaguzi: *umeachwa, hauna moto.*
Uko humo mpaka leo,
umevaa.