Daftari la Benzi

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ina daftari, kurasa mia mbili, jalada la twiga,
na imepotea pamoja na habari zake zote.

Januari: pampu ya maji, laki mbili na nusu.
Februari: pampu ile ile. Ya kwanza ilikuwa feki.
Machi sikuandika kitu. Machi nilitembea kwa miguu
kutoka Sae hadi Mwanjelwa,
nikipewa pole na kila mtu niliyewahi kumrushia vumbi.

Baba aliinunua kwa kiinua mgongo,
mwaka alioagana na kiwanda cha chai kule Tukuyu.
Nyeusi, viti vya ngozi, rangi ya maziwa ya mgando.
"Mjerumani hakosei," alisema, akigonga boneti kwa kidole
kama daktari anayesikiliza kifua.
Mlango wake ukiufunga hausemi paa!
Husema mf,
kama mtu mzima aliyeamua kutojibu.
Kwa ajili ya mlango huo nimelipa milioni nne.

Fundi Gwakisa ana upole unaotangulia bei.
"Dada Tumpe, injini nzima. Ni sensa tu, inadanganya."
Tukabadilisha sensa.
Kumbe ilikuwa inasema kweli.

Akaletwa kijana wa kompyuta kutoka Makambako,
akachomeka waya chini ya usukani, akanyamaza kwa muda wa kulipiwa.
Makosa thelathini na moja.
"La thelathini na mbili ni mwenye gari,"
alinong'ona Lusajo, anayejifunza ufundi,
akapigwa kofi la kisogoni, nami nikacheka mpaka nikakaa juu ya tairi.

Humo ndani sasa mna koili ya Toyota,
nati za bajaji,
na mkanda ambao Gwakisa aliapa haukutoka
kwenye mashine ya kusaga ya Mama Anyosisye,
ingawa wiki ile hatukupata unga.
Mjerumani ameoa Uyole. Ana wakwe.

Julai, Mlima Nyoka, alfajiri ya ukungu,
mshale wa joto ukapanda kuliko gari lenyewe.
Nikasimama kando. Kenta ya viazi ikanipita,
bampa lake ubao, taa yake moja,
dereva akainua kidole kimoja kwa heshima, kama mtu anayepita msiba.
Baridi ile inayopasua midomo.
Nikafungua boneti
nikaota mvuke wa laki sita.

Basi nikamwita Sanga, Mkinga wa maduka ya spea,
anayenunua magari kama nyama: paja, mbavu, kichwa.
Akaizunguka mara mbili, akihesabu kwa macho.
"Taa nachukua. Viti nachukua.
Mlango wa dereva kuna mtu Iringa anautafuta."
Akaufungua. Akaufunga.
Mf.
Akautazama mkono wake.
Akaufungua tena, akaufunga polepole zaidi.
"Aliyeutengeneza huu," akasema, "hakuwa na haraka."
Chai ikapoa. Tukaongea bei ya mbolea.
Ama alisahau kutaja bei, ama mimi nilisahau kuuliza.

Usiku springi zake za upepo huishiwa pumzi,
hulala, tumbo karibu na ardhi.
Asubuhi nageuza ufunguo, nangoja,
nageuza tena.
Ikikubali, huinuka kama ng'ombe wa baba walivyoinuka,
nyuma kwanza,
kisha mbele, kwa kusitasita,
na umande hutiririka kwenye kioo.

Agosti tisa. Imewaka mara ya tatu.
Gharama: hakuna.
Nimeandika kwa wino mwekundu,
kalamu nyeusi anayo Gwakisa,
yuko chini ya gari, anaandika orodha.