Kunja, Kata, Kunjua

Sijanunua karatasi tangu alipofariki Jens-Otto.
Naokota.
Barua ya kodi na bahasha yake yenye bitana ya buluu,
pakiti ya mbegu za figili,
ramani ya Jutland iliyochanika penye mkunjo,
risiti za mwokaji mikate,
na ukurasa wa kalenda usioandikwa jambo
siku zote thelathini na moja.
Vyote vimo katika kopo la biskuti
ambalo wajukuu wa watu hulifungua
wakitumaini biskuti.

Ni Februari. Hapa Struer jua huja kama mgeni aliyelazimishwa:
hukaa ukingoni mwa kiti, halivui koti,
saa kumi na moja haijafika limeshaaga.
Basi nawasha taa ya mezani
na kuanza kazi ya majira haya,
kukata mioyo.

Alva wa ghorofa ya chini ana miaka saba
na mkasi usiokata.
Aliuchora moyo mzima kwa penseli,
bega moja nene, la pili limelala kama sikio la mbwa,
akakasirika, akakunja uso.
Usikunje uso, nikamwambia, kunja karatasi.
Chora nusu. Kata nusu.
Ile nyingine hujikata yenyewe
gizani, ndani ya mkunjo.
Akakunja. Akakata, ulimi nje.
Akakunjua,
na uso ukakunjuka pamoja na karatasi.

Alimtengenezea kadi dereva wa basi la shule,
na mwalimu wa kuogelea, na paka,
kisha mimi, gundi ingali mbichi:
moyo uliokatwa katika barua ya kodi,
na katikati yake, kwa herufi za serikali,
BADO UNADAIWA.
Hakuwa ameyasoma. Alichagua tu pale penye wino mwingi.

Alipoondoka nikatoa kipande nisichomwonyesha.
Karatasi ya ukutani, ya jikoni kwa mama, kule Lemvig,
maua ya njano yaliyokula moshi wa samaki na kahawa
hata yakawa rangi ya chai.
Nilikibandua kwa kisu cha siagi
siku nyumba ilipouzwa,
na kaka yangu Preben chumba cha pili
akihesabu vijiko
kwa sauti, ili nisikie.
Vijiko ishirini na vitatu.
Miaka kumi na mitatu.
Tangu hapo tunajuliana hali mazishini.

Nikakikunja. Karatasi kuukuu haipendi kukunjwa,
ilitoa mlio mdogo.
Vidole vyangu vina baridi yabisi,
siku hizi mkasi ndio unaonishika mimi.
Nikakata polepole, ua moja likagawanyika,
na moyo ukaanguka mezani.
Mkononi nikabaki na tundu.

Kwa kawaida watu hutuma moyo.
Nililiwaza hilo mpaka kahawa ikapoa.
Kisha moyo nikauweka katika kopo la biskuti,
na Preben nikamtumia tundu,
limebandikwa juu ya kadi nyeupe,
kingo zake nimezipitishia ukucha zisinyanyuke.
Samahani sikuandika. Nililijaribu neno pembeni
kwenye risiti ya mkate, likaonekana kama bei.
Niliandika: Kilichotoka hapa ninacho mimi.
Nikalamba stempu, nikapiga moyo konde,
nikashuka ngazi na viatu vya ndani
nisije nikapata muda wa kufikiri.

Siku kumi na moja.

Bahasha ilikuja nzito upande mmoja.
Hakuna barua. Nilikung'uta, nikachungulia.
Kijiko cha chai,
kimefungwa gazetini kama samaki,
kimepigwa msasa, kinang'aa kijinga.
Nilikaa nacho mapajani.
Baadaye nikalinyoosha lile gazeti kwa kiganja,
kutoka katikati kwenda pembeni.
Karatasi nzuri, nene kidogo.
Itatoa mioyo minne.
Mitano, nikikunja vizuri.