Upungufu Nambari Tatu

Nimefika Wausau na vitabu viwili mkobani:
cha watoto, jalada la manjano,
na cha wazee, kijivu, kizito kama tofali.
Jimbo halijaandika cha tatu,
cha nyumba inayowalea wote chini ya paa moja.
Basi nasoma huku, nasoma kule,
kama mwamuzi wa ndugu wasiosemezana.

Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ndani, uji wa shayiri na dawa ya kuchulia magoti.
Bi Kruczek, mwenye kituo, ananifuata nyuma nyuma,
anakunja kitambaa cha vyombo, anakikunjua.

Maji ya bomba, kipimajoto: sawa.
Vidonge vya presha, kabati, kufuli,
ufunguo shingoni mwa nesi: sawa.
Shanga ya kuchezea naidondosha kwenye mrija wa kupimia.
Ikipenya, itapenya koo la mtoto.
Imepenya. Nambari moja.
Zulia limejikunja ukingoni,
pale fimbo inapopenda kunasa. Nambari mbili.
Nahesabu walezi: mmoja kwa watoto wanne.
"Na hawa wazee wangu kumi na mmoja?"
"Hawahesabiki." Neno limenitoka kabla sijalitafuna.
Bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu,
mtoto mchanga kamlalia kifuani,
ananitazama bila kupepesa.

Kisha mlango.
Cha manjano: komeo liwe juu, mkono mdogo usifike.
Kijivu: mzee asifungiwe kama mwizi,
mlango umtii kwa kidole kimoja.
Bi Kruczek kawapatanisha. Kapigilia vitufe vya namba
usawa wa kidevu changu.
Mtoto hafiki. Aliyeanza kusahau hazikumbuki.
Mwenye akili zake anabonyeza, anakwenda zake.
Nilipenda. Nilikwisha weka tiki.

Ndipo akapita Orville Zastrow,
miaka themanini na tisa, arobaini na mmoja
kaimalizia kwenye kiwanda cha karatasi,
slipa za rangi mbili,
kashikwa kidole na Mai Nhia, wa miaka minne.
"Saba," akasema mtoto.
Mzee akabonyeza saba.
"Mbili. Tena mbili. Tano."
Komeo likaachia.
Theluji iliingia kabla kengele haijalia.

Hakuna kitabu kilichowaza hilo,
kwamba mmoja ataleta urefu, mwingine namba.
Nikawakimbilia, nikamshika huyu bega, yule kofia.
Bi Kruczek akacheka, kisha akanyamaza,
kisha kwa sauti ya chini: "Hilo usiliandike."

Nimeliandika.
Watu hutuona watu wa wino tu.
Lakini kifungu cha mrija kina mtoto ndani yake.
Cha zulia kina nyonga ya mtu.
Na hiki cha komeo, kwangu mimi,
kina bibi mwenye gauni la kulalia, mwezi wa pili,
aliyeonekana alfajiri nyuma ya ghala la mbao.
Nilikuwa mgeni kazini.
Tiki ya mlango ule ilikuwa yangu.

Fomu inauliza: Nani alifungua? Chagua kimoja.
Visanduku viwili. Mtoto. Mzee.
Nikachora cha tatu kwa mkono,
kikapinda upande, nikakitia alama hivyo hivyo.
Siku kumi na nne, wawe wamerekebisha.

Zastrow akasogea mezani.
Jina la binti yake aliyemleta asubuhi limempotea.
Akashika ncha ya fomu, gumba na shahada,
akaisugua, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.
"Gramu sabini na tano," akasema.
"Sisi hatukutoa nyembamba namna hii."
Mai Nhia naye akasugua.
"Nyembamba," akaafiki,
akamshika kidole,
wakaondoka polepole kuelekea mlangoni.
Nikaacha kalamu, nikainuka.