Kucheua

Mwalimu Mumbere aliandika neno ubaoni,
herufi nane; chaki ikakatika kwenye ya tano.
Umeme ulishakwenda.
Simu ya Kavugho ililazwa mezani, tochi ikitazama juu,
na chupa ya maji juu yake, ili mwanga usambae.

"Ruminate," akasema. "Kufikiri sana, kwa kina.
Andikeni, mtaulizwa."

Tukaandika. Paluku, fundi wa chukudu,
mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, akauliza:
"Kufikiri tulikuwa nalo tangu somo la kwanza.
Hili la pili njo la nini?"

Mwalimu akavua miwani.
"Hili lina tumbo ndani. Kilatini, rumen:
tumbo la kwanza la ng'ombe,
linalopokea majani yaliyomezwa haraka haraka,
likayaweka, halafu baadaye, baadaye…"
Akakwama. Mtoto wa Katindo huyu,
maziwa anayajua ya pakiti.
Akachora ng'ombe. Akafanana na meza.

Nami huku nyuma, muuza jibini,
vidole vikinuka chumvi ya mchana kutwa,
nikasema bila kunyoosha mkono:
"Kucheua."

Vichwa vikageuka.

Kucheua, mwalimu. Baba hakuwa na saa,
alitazama shavu la Bihogo.
Donge likipanda shingoni mwake
kama panya chini ya blanketi,
baba aliketi, akavua buti, akasema:
sasa kumetulia.
Kwa sababu ng'ombe mwenye hofu hacheui.
Mgonjwa hacheui.
Ukiamka ukakuta taya zimenyamaza,
usiulize bei ya maziwa, uliza dawa.

"Basi," mwalimu akasema, akiandika upesi
kama mwanafunzi, "basi wazo ni majani,
humezwa mara moja, hutafunwa mara mbili."
Darasa likacheka kidogo. Neno likakaa.
Nilitembea nalo hadi Ndosho,
juu ya mawe meusi yanayokula viatu,
nikilisukuma kutoka shavu hili kwenda lile.

Wazungu hawa, niliwaza, waliiba neno zizini
wakalivika tai.
Lakini walichagua vizuri.
Na walisahau kitu.
Walidhani kila anayecheua amelala kivulini,
ameshiba, mkia unafukuza nzi.
Hawakufika kwetu
ambako watu walimeza usiku mzima kwa pumzi moja,
sufuria kichwani, mtoto mgongoni,
milima ya Masisi nyuma ikiwa na sauti isiyo ya radi,
na kutafuna kukaanza huku, mjini, chini ya bati,
bila utulivu wowote,
tonge lile lile, miaka minne,
na halilainiki, na halitoi maziwa.

Hata mlima ule juu yetu, mwekundu usiku,
nao hucheua. Ukicheua, tunakimbia.

Kazi ya nyumbani: sentensi moja, kwa neno hilo.
Niliandika ya Bihogo, ikawa rahisi.
Kisha nikakumbuka alivyosema mwalimu tukitoka:
iwe ya mtu.

Mama alikuwa mlangoni, anachambua maharage gizani
kwa kugusa tu, jiwe huku, punje kule,
na taya zake zilikuwa zinakwenda.
Taratibu. Kushoto, kulia.
"Mama, unatafuna nini?"
"Hakuna."

Jiwe likaanguka kwenye bati. Jingine.
Daftari langu lilikuwa wazi magotini,
kalamu imekauka kofia ikiwa mkononi.

"Ile kamba," mama akasema.
"Ya Bihogo. Mimi nilipita zizini mwisho.
Nilifungua ile kamba,
ama sikufungua?"

"Ulifungua," nikamwambia,
kama jana, kama juzi,
mimi ambaye nilikuwa mbele, sikugeuka.