Kadi ya Mshubiri

Januari, Ulaanbaatar. Jiji limejivuta moshi hadi puani
kama mgonjwa na blanketi lake.
Katika kila hema la sufu kuna jiko, katika kila jiko makaa,
na baridi imeukalia moshi, hauna pa kwenda.

Maktaba ya mtaa wa mlimani ni chumba kimoja.
Madirisha tumeyaziba kwa magazeti na uji wa ngano.
Humo Dulamsuren anafuga, ndani ya makopo ya maziwa ya unga,
mishubiri saba,
makangaga mawili yenye tabia ya kususa,
mpira mmoja ulioinama juu ya rafu ya historia
kana kwamba unadokoa kurasa,
na ule mmea wa majani ya upanga
aliousahau miezi miwili, nao haukumnunia.

Kila Jumatatu anapangusa jani kwa jani
kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu.
Kitambaa kikiwa cheusi ananisogezea:
"Tazama. Hii ilikuwa inakuja kwako."

Akaja Gansükh wa manispaa na kidude cha kupimia hewa.
Akakiweka juu ya meza ya kamusi. Sote tukabana pumzi,
sijui kwa nini, labda tusikichafue.
Namba zikapanda, zikashuka kidogo, zikatulia pabaya.
"Mama," akasema taratibu, "kwa majani peke yake
itabidi utoe vitabu, utoe wasomaji, upande msitu."

Dulamsuren akacheka hadi akakohoa.
"Basi leta mashine."
"Mashine iko kwenye bajeti."
"Na bajeti iko wapi?"
Gansükh akaangalia viatu vyake.

Hakung'oa hata kopo moja.
Wasomaji nao hawakupungua: mzee wa chesi,
wasichana wa mtihani, barakoa zimeshuka kidevuni,
wote wamejibanza upande wenye kijani
kama mbuzi upande wa jua.

Leo asubuhi nimekuta kopo mlangoni, limevikwa soksi.
Ndani, chipukizi la mshubiri, ncha zimekauka,
na karatasi ya mwandiko wa mtoto:
*Kwetu moshi ni mwingi. Naomba akae kwenu.*

Dulamsuren hakusema kitu.
Alivuta droo, akaandika kadi,
jina la msomaji: Mshubiri,
akapuliza muhuri upate joto, akagonga:
kurudi nyumbani, tarehe kumi na tano Mei.