Nta ya Lutonja

Jumatano Kuu aliileta, kama mwaka jana, kama mwaka juzi,
ndani ya gunia la mbolea ya tumbaku,
donge la rangi ya andazi lililoiva kupita kiasi.
Akaliweka kwenye ngazi ya sakristia,
akavua kofia, hakuvuka kizingiti.
"Kilo nne na robo. Pimeni wenyewe."

Mimi ndiye ninayeipika.
Sufuria ndani ya sufuria, moto mdogo,
nachuja kwa kanga kuukuu mabawa na vijiguu vya nyuki,
namimina kwenye bomba la maji
alilolikata fundi Kiyungi kwa msumeno wa chuma,
katikati utambi, uzi wa pamba niliousokota pajani.
Asubuhi nalipasua bomba
nao mshumaa unabaki wima
kama mtoto wa komunyo ya kwanza anayeogopa kuchafua nguo.
Kwa kisu cha vitunguu nachonga Alfa, nachonga Omega,
na tarakimu za mwaka. Ya mwisho hunipinda kila mara.

Usiku wa Mkesha
mvua ya mwisho ya masika ilitishia, ikaghairi.
Moshi wa mabani ulikuwa umelala juu ya kijiji kizima
hata ubani wetu ukaonekana mgeni.
Moto ukapita mkono kwa mkono, benchi kwa benchi,
watoto wakaamshwa kwa kufinywa,
na kila mtu akauona ghafla uso wa jirani
aliyemkwepa Kwaresima nzima.

Kisha Mbiu. Ndefu. Wapo wanaoihesabu dakika.
Mimi husubiri shemasi wa Kipalapala afike kwenye nyuki,
hapo nageuka:
dirisha la tatu, lisilo na kioo,
Lutonja kasimama nje, kiwiko ukingoni,
anasikia kazi yake ikiimbwa mbele za Mungu
na watu wasioweza kumpa Mwili wa Bwana.

Ana wake wawili. Jambo lenyewe ni hilo tu.
Kalekwa ni wa ndoa ya altareni.
Nyamizi ni mjane wa kaka yake,
yule aliyeanguka pamoja na mzinga kutoka juu ya mtundu,
akaacha watoto watatu na deni la chama cha msingi.
Paroko wa zamani alimwambia, chagua.
Akauliza, "Padri, nichague nani asile?"
Tangu hapo, dirisha la tatu.

Siku hamsini za Pasaka si zote za aleluya.
Jumapili ya pili kwaya waligombania kitambaa cha sare.
Ya tatu mabenchi yalikuwa matupu, watu wako kwenye majani ya tumbaku.
Wiki ya nne tulimzika Bibi Tekla,
tukausogeza mshumaa karibu na jeneza,
ukamdondokea tone moja, sikulibandua.

Jumapili ya tano, ubatizo.
Kitoto cha mwisho cha Nyamizi, miezi mitano, kimevaa kofia ya sufi,
na aliyekibeba kama mama wa ubatizo ni Kalekwa.
Minong'ono ikapita upande wa wanawake kama upepo kwenye mahindi makavu.
Padri Erasto akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.
"Baba wa mtoto aje awashe mshumaa."
Akatazama dirishani.
Akangoja.

Aliingia na viatu vyenye matope ya bondeni.
Akainua kile kimshumaa cha dukani hadi kwenye ule mkubwa,
kikashika.
Hakurudi mara moja. Alikwangua kwa ukucha mchirizi wa nta,
akaufikicha, akaunusa, macho yamefumba.
"Mzinga wa marehemu," alimwambia Nyamizi,
si mimi, si padri.

Kisha akanigeukia, sauti ya mtu anayeagiza chumvi:
"Utambi umepinda, mama.
Mwakani nitaleta na uzi."