Wati Sabini na Tano

Nelima aliiweka mezani pangu, kati ya mkasi na chaki,
kama mtu aletaye koti la marehemu lipunguzwe mikono.
Kompyuta ile ilikuja na kontena kutoka ng'ambo,
ubavuni ina lebo ya hospitali fulani ya huko kwenye baridi:
chumba cha sita, isihamishwe.
Imehamishwa.
Imefika Kariobangi Kusini, ghorofa ya nne,
imefundishwa kukimbiza magari na kurusha mishale,
nayo kwa umri wake inajitahidi, inahema,
picha zinakwama kama zipu ya sketi ya shule.

"Ni kadi ya michoro, Mama. Ndiyo inayoshona picha."
Neno hilo lilinifanya nivue miwani.

Jumamosi tukashuka Luthuli.
Abdirashid akatuonyesha moja yenye feni tatu, pana kama sinia.
"Hii itasukuma kila kitu."
Wauza vitambaa nao husema hivyo: hakichuji, mama, hakichuji.
Nelima alikuwa na elfu tisa na mia nne,
pesa za kuchapa wasifu wa watu wanaotafuta kazi,
shilingi hamsini kila mmoja.
Nilipiga hesabu moyoni: wasifu mia moja themanini na nane.
Sijui ni wangapi walioitwa.

Nikauliza lile ninalomuuliza kila mteja mwenye kitambaa kizito:
sindano itaweza?
Abdirashid akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akataka kujua kisanduku chetu cha umeme kina wati ngapi.
Nelima akatazama viatu vyake.
Mia mbili na arobaini.

Akainama chini ya kaunta, akatoa ndogo,
feni moja, urefu wa kiganja, imetumika, kona imekwaruzwa.
"Hii haiombi waya wa ziada.
Inakula kinachopita palepale inapokaa.
Wati sabini na tano, basi."
Nikaipenda kabla sijajua kazi yake.

Nyumbani tulichomoa waya, tukagusa chuma kwanza;
kumbe kuna umeme hukaa vidoleni mwa mtu bila yeye kujua.
Bisibisi ilikuwa yangu, ya cherehani.
Kifuniko kikatoka na vumbi la kijivu, si letu, letu ni jekundu,
na chini ya vumbi pini moja ya stepla, imekunjika,
iliyowahi kushika cheti cha nani, sijui.
Nimeitia kwenye kopo la vifungo.

Kadi ikakataa kuingia. Nelima akataka kuisukuma.
Ngoja, nikamwambia, nguo ikikataa kuna uzi mahali.
Palikuwa na kibati cha nyuma hatukukiondoa.
Ikaingia kwa mlio mmoja mkavu, kama kishikizo cha chuma.

Kisha kioo cheusi.
Cheusi bado.
Nelima hakunitazama, nami sikutaja ile mia moja themanini na nane.
Kumbe waya wa skrini tulikuwa tumeurudisha kwenye tundu la zamani.

Mchezo wenyewe sikuuelewa. Kuna mtu, ana upinde, ametumwa kuua fulani.
Lakini pale palipokuwa na kijani kilichopakwa tu,
kama kanga ya bei rahisi iliyochapwa upande mmoja,
sasa palikuwa na nyasi.
Jani, jani, jani. Upepo ukapita, yakalala, yakainuka,
kila moja na kivuli chake.
"Usiende," nilimwambia. "Simama hapo kidogo."
Akasimama. Yule wa upinde naye akasimama,
anapumua, hana haraka.

Ukutani mita ya tokeni ilianza kulia, yuniti mbili nukta moja.
Nilikuwa na sare saba za kupinda kabla ya Jumatatu,
na cherehani yangu nayo hula stima.
Nikaizima. Nikavuta sketi ya juu kwenye rundo,
nikapinda kwa mkono,
nikiinua macho kila baada ya sindano ya tatu.